Mama Vifungo na wanawake wa wiki za katikati

Saa moja na nusu asubuhi, na benchi zote tatu za kliniki ya wajawazito zimeshajaa. Wanawake thelathini na wanne wamekaa bega kwa bega, mikoba mapajani, kadi mikononi. Wawili wamevua viatu kwa sababu miguu imeanza kuvimba. Feni ya ukutani inazunguka pale inapojisikia.

Pazia la chumba cha mwisho linasogezwa, na muuguzi mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta anatoka akichechemea. Hasalimii mtu mpaka apate mahali pa kuegemea. Akishauegemea ukuta, anashusha pumzi, anawatazama wote kwa zamu, halafu anaanza.

"Jamani, nani hapa ana wiki kumi na tano mpaka ishirini? Nyoosheni mikono. Usinyooshe kwa sababu jirani yako kanyoosha."

Wanacheka. Mikono tisa inapanda juu.

Hao tisa ndio wake kwa leo. Waliobaki watapimwa presha na uzito kwenye vyumba vingine. Yeye ana umri wa miaka hamsini na sita, amekuwa mkunga kwa miaka thelathini, na kumi na miwili ya mwisho ameitumia kwenye kazi moja tu, yaani vipimo vya katikati ya mimba. Ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale kliniki halitumiki. Kuanzia daktari mpaka mlinzi wa getini, wote wanamwita Mama Vifungo.

Anawaeleza wale tisa kwa sauti ya mtu aliyeshasema maneno hayo mara elfu moja, na kweli ameshayasema. Leo atawatoa damu kidogo mkononi. Maabara itaangalia vitu vinne ndani ya damu hiyo, vinavyotoka kwa mtoto na kwenye kondo la nyuma. Vitachanganywa kwenye hesabu pamoja na umri wa mama, uzito wake na wiki za mimba. Baada ya siku kumi hivi karatasi itarudi.

"Na hiyo karatasi haisemi mtoto wako mzima, wala haisemi mtoto wako mgonjwa," anawaambia. "Inasema uwezekano. Kuna uwezekano wa hali ya Down, ile inayochelewesha ukuaji na akili, na kuna uwezekano wa mgongo wazi, yaani pingili zisizofunga. Anayetaka jibu la ndiyo au hapana, bado hajafika. Jibu liko mbele."

Mbele, anaendelea, kuna ultrasaundi ndefu, ile ya wiki ya kumi na nane mpaka ya ishirini na mbili. Mtaalamu wa picha atapima kichwa, atahesabu vyumba vya moyo, ataufuata mgongo pingili kwa pingili, ataangalia figo, mikono, miguu, maji na kondo. Anaweza kunyamaza kwa muda mrefu. Akinyamaza wasishtuke, anahesabu. Na baada ya yote hayo, asiyetaka kupimwa halazimishwi, aseme tu.

Mmoja anauliza kama sindano inauma. Mwingine anauliza kama ataambiwa ni mtoto wa kike au wa kiume. Mama Vifungo anajibu yote mawili bila kubadilisha sura, kisha anarudi nyuma ya pazia na kumwita wa kwanza.

Huko nyuma ya pazia ndiko ofisi yake. Ni chumba cha hatua nne kwa tano, chenye meza, viti viwili, jokofu dogo la sampuli na dirisha linalotazama ukuta. Mlango uling'olewa miaka sita iliyopita ili kitanda kipite, na haujarudi. Kwa mujibu wa mpango wa kliniki, kitengo hiki kinatakiwa kuwa na wauguzi wanne. Wawili walihamishwa. Wa tatu yuko likizo ya uzazi.

"Sasa nimlalamikie nani?" anasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyempima."

Mwaka jana alitoa damu kwa wanawake elfu moja na mia mbili na kitu. Karatasi zilizorudi na uwezekano mkubwa hazikufika sabini. Hao wasiofika sabini ndio wanaomchosha. Damu inachukua dakika mbili. Kumweleza mtu karatasi yake kunaweza kuchukua asubuhi nzima, na huku nje benchi zimejaa.

Na katika hao, yupo mmoja asiyemtoka kichwani. Ni msusi wa nywele, ana miaka ishirini na saba, na Jumanne ijayo atajifungua kwa upasuaji katika hospitali kubwa ya rufaa. Mtoto wake ana mgongo wazi. Daktari wa upasuaji anasubiri kuuziba katika siku mbili za kwanza, kabla vijidudu havijaingia. Hii ni wiki ya pili Mama Vifungo halali vizuri, kwa sababu anajua jinsi mama huyo alivyokaribia kutorudi kliniki kabisa, na anajua aliyesababisha ni nani.

"Ni mimi," anasema, na anavua miwani kuifuta. "Sikutukana mtu, sikuchanganya damu. Nilifanya upumbavu wa mtu anayejiona anajua kufundisha."

Kisa chenyewe kilianza na maharage. Miaka ya nyuma alikuwa akimwambia mama, uwezekano wako ni mmoja kati ya mia mbili, na mama anamkodolea macho. Kuna walioangua kilio wakidhani mia mbili ni nyingi, na kwa hiyo hatari ni kubwa. Kuna waliofurahi kwa kuambiwa mmoja kati ya kumi, kwa sababu kumi ni ndogo. Akaamua kuonyesha badala ya kusema. Akajaza chupa maharage meupe mia moja tisini na tisa, akatia moja jekundu, akaiweka mezani.

Ilimsaidia mpaka wadudu walipoingia. "Walitoboa, wakala, wakaacha maganda," anasema. "Uwezekano ukawa unabadilika wenyewe kila wiki."

Ndipo akakumbuka kopo la marehemu mama yake, aliyekuwa fundi cherehani. Lilikuwa limejaa vifungo vya mashati ya watu waliokwisha kukua, kuoa na kunenepa. Akachagua vyeupe vinavyolingana, akaongeza kimoja chekundu cha koti la mtoto. Karatasi ikisema mmoja kati ya mia moja na ishirini, anahesabu vyeupe mia moja na kumi na tisa, anatia na kile chekundu. Wanawake walielewa. Wengine walileta waume zao nao waone. Jina la Mama Vifungo likazaliwa hapo, na yeye, hafichi, alilipenda.

Halafu akaongeza mbwembwe. Alianza kuwaambia wanawake watie mkono kwenye kopo bila kuangalia, watoe kimoja. Mama anatoa cheupe, anatabasamu, anashusha mabega. Muuguzi mwenzake, huyu aliyeko likizo, alimwonya mara moja kwamba hilo silo somo, hiyo ni bahati nasibu. Mama Vifungo alimjibu kwamba mkono unaelewa haraka kuliko kichwa, na somo likaendelea hivyo kwa miezi minane.

Msusi alikuja kuchukua karatasi yake akiwa na wiki kumi na nane. Alikuwa peke yake, amevaa aproni ya kazini chini ya koti. Kitu kimoja katika damu yake kilikuwa juu kupita kiasi, na hesabu ilisema uwezekano wa mgongo wazi ni mmoja kati ya themanini. Mama Vifungo akamweleza vizuri kwamba katika wanawake themanini wenye damu kama yake, sabini na tisa wana watoto ambao migongo yao imefunga. Akahesabu vifungo. Akamsogezea kopo.

Msusi alitia mkono, akatoa kile chekundu.

"Nilimwona akikitazama kiganjani," Mama Vifungo anakumbuka. "Hakulia. Alikiweka mezani polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akachukua mkoba wake. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Nilipopata sauti, pazia lilikuwa limeshatulia."

Alimkimbilia mpaka getini kwa miguu yake mibovu, akamkosa. Simu ya msusi ikawa haipatikani siku hiyo, kesho yake na keshokutwa yake. Siku ya ultrasaundi yake ilipofika, wiki ya kumi na tisa, kitanda cha chumba cha picha kilikaa kitupu nusu saa nzima.

Wenzake walijaribu kumpoza. Daktari alimwambia hayo hutokea. Ndiyo yaliyomuumiza zaidi, anasema, kwa sababu ni kweli hutokea. Vifungo themanini, kimoja chekundu, wanawake wengi wanaotia mkono. Lazima siku moja mtu akitoe.

"Hiyo ndiyo maana ya uwezekano. Nawafundisha watu jambo hilo kila siku, na mwenyewe nikalisahau."

Wiki zilikuwa zinakwenda. Mtoto akikua, picha ya mgongo inazidi kuwa ngumu kusomeka. Na kama mgongo uko wazi kweli, na mama akajifungua popote tu bila kujua, hakutakuwa na daktari wa upasuaji aliyejiandaa. Mama Vifungo alilala na hesabu hiyo siku tano. Jumamosi asubuhi, siku yake pekee ya kupumzisha miguu, alinakili anwani kutoka kwenye kadi, akatoka nyumbani bila kumwambia binti yake anakokwenda.

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu na picha za mitindo ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiomba. Mlangoni alikaa mwanamke mzee akichambua nywele za kuongezea. Alikuwa mama mkwe wa msusi, na alimtambua muuguzi hata bila sare, ingawa Mama Vifungo alikuwa amevaa nguo za nyumbani. Wauguzi, mzee huyo alieleza baadaye, hutembea kama watu waliochelewa.

"Sista," alimwambia, "hapa watu wanakuja kusukwa. Kama hukuja kusukwa, nafasi yenyewe unaiona."

Msusi alikuwa amesimama nyuma, kitana mkononi.

"Basi nisuke, mwanangu," alisema Mama Vifungo, akaketi.

Alikuwa na mpango wake. Kichwa kikishasukwa nusu hakiachwi, alijiambia, wala msusi hawezi kukitoroka. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Angeanza kwa kuomba radhi, angefuatia na maelezo ya ultrasaundi, angemalizia na hospitali ya rufaa. Lakini kiti kilikuwa na mgongo wa kuegemea na sehemu ya kuwekea miguu. Chumba kilikuwa na joto. Vidole vya msusi vilianza kugawa nywele zake za mvi, taratibu, kutoka paji la uso kwenda kisogoni. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki hiyo mtu kumgusa yeye badala ya yeye kumgusa mtu.

Alilala usingizi wa pono.

Alipozinduka, ilikuwa imepita saa moja na nusu. Mtu alikuwa amemfunika mtandio. Nywele zilikuwa zimebaki mistari miwili. Mdomo wake ulikuwa wazi, na mama mkwe alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama maajabu.

"Mama, unakoroma," alisema msusi. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza.

Mama Vifungo alitamani ardhi impasukie. Msusi aliendelea kusuka.

"Nilidhani umekuja kunitisha," alisema. "Lakini mtu wa kutisha halali namna hiyo. Umechoka kuliko mimi."

Maneno yaliyopangwa njiani yalikuwa yamekwenda na usingizi, kwa hiyo aliyasema yaliyobaki. Alimwambia kwamba amekosea. Alimpa mchezo mahali pa maelezo. Kile kifungo ni cha koti la mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, hakimjui yeye wala mimba yake. Damu ilisema waangalie, haikusema wameona.

"Na mkiangalia mkaona?" msusi aliuliza.

"Tutakuwa tumeona mapema. Tutakupeleka ujifungue mahali penye mtu wa kumshona mtoto mgongo siku hiyo hiyo au kesho yake. Usipoangaliwa, mtoto atakuja na sisi wote tutakuwa tumesimama tunashangaa."

Mama mkwe alitupa nywele kwenye kapu. Yeye ndiye aliyemkataza mkwewe kurudi kliniki, akakiri waziwazi. Amezaa saba bila kuonyeshwa hata kidole cha mtoto kwenye kioo cha mashine, na hakuona sababu ya watu kwenda kutafuta ubaya kwa tochi. Akaokota fungu jingine la nywele. Kisha akauliza huyo daktari wa kushona atajuaje kwamba mtoto anakuja.

"Tutamwambia sisi, dada. Lakini kwanza tujue wenyewe."

Mzee alimgeukia mkwewe, akamwambia Jumatatu saluni ataifungua yeye. Alikubali shingo upande, na uso wake ulionyesha hivyo, lakini alikubali. Mistari miwili ya mwisho ilisukwa, na safari hii Mama Vifungo hakulala.

Jumatatu hiyo mtaalamu wa picha alianza kama anavyoanza siku zote, akitaja anachokiona. Kichwa. Moyo, vyumba vinne. Tumbo. Alipofika mgongoni alipunguza mwendo. Akarudi juu, akashuka tena. Akarudi mara ya tatu. Msusi alikuwa ameambiwa mapema kwamba kimya ni cha kuhesabu, lakini kimya hiki kilipita hesabu, na mkono wake ukatafuta mkono wa Mama Vifungo pembeni ya kitanda.

Pingili za chini za mgongo hazikuwa zimefunga. Pengo lilikuwa dogo, na lilikuwa chini, na daktari alipoitwa alisema yote mawili ni heri kuliko kinyume chake.

"Niliogopa kumtazama," anasema Mama Vifungo. "Nikajua sasa ataniambia, unaona, kifungo kilijua. Ningemjibu nini? Vyeupe sabini na tisa, na yeye kapata chekundu mara mbili."

Msusi hakusema hivyo. Aliuliza kama miguu inacheza. Mtaalamu akasogeza kifaa, na kwenye kioo mguu mmoja ukakunjuka, ukapiga teke, ukakunjwa tena. Msusi aliutazama kwa muda mrefu. Halafu akafuta machozi kwa kiwiko na kuomba aandikiwe barua ya hiyo hospitali ya rufaa.

Daktari alimweleza pia kipimo cha kuchukua maji ya uzazi kwa sindano, ambacho kingeweza kuonyesha kama kuna tatizo jingine, na hatari yake ndogo ya mimba kutoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akakataa. Hakuna aliyemshinikiza. Aliambiwa kweli kama ilivyo: watoto wenye pengo dogo la chini wengi hutembea, wengine kwa vyuma vya miguuni, na wengine hupata shida ya mkojo maisha yao yote. Hakuna aliyetia chumvi upande wowote.

Nje, wakisubiri barua ipigwe muhuri, Mama Vifungo alijikaza akamwambia kwamba akidhani kifungo kilijua, yeye atamwelewa.

"Mama," msusi alimjibu, "kifungo kingekuwa kinajua, kingenifuata saluni."

Mama Vifungo anaposimulia sehemu hii anacheka, na kicheko kinamgeuka njiani. Anasingizia miwani.

Tangu siku ile hakuna mkono unaoingia kwenye kopo. Anamimina vifungo vyote kwenye sinia, mama anaviona vyote kwa pamoja, vyeupe na chekundu, na wanazungumza. Kuna aliyemshauri avitupe kabisa. Alivifikiria sana. Akaona kosa halikuwa la vifungo.

Saa nne na robo. Nyuma ya pazia yuko mwanamke wa sita kati ya wale tisa, na yeye haamini tarehe zake mwenyewe. Mama Vifungo anauliza, anahesabu kwenye kalenda ya ukutani, anauliza tena. Wiki zikikosewa hata mbili, anamweleza, damu nzima itasomwa vibaya, na mtu atatishwa bure. Anaamua asimtoe damu leo. Anamwandikia picha fupi ya kuhakikisha umri wa mimba kwanza. Mwanamke anaondoka amenuna, maana amepoteza asubuhi yake. Muuguzi anaegemea kiti na kufumba macho kwa muda wa pumzi tatu, kisha anaita wa saba.

Mchana anakula amesimama, kwa sababu akikaa, anasema, kuinuka ni kazi nyingine. Bintiye humpigia simu saa saba kila siku kuuliza kama amekula na lini atastaafu. Kisheria amebakiza miaka minne. Kimiguu, kwa maneno yake mwenyewe, alistaafu zamani.

Wiki iliyopita alijaza fomu ya likizo kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Aliomba siku mbili tu, Jumanne na Jumatano. Msimamizi wake aliiangalia fomu, akauliza nani atakaa kwenye kile chumba. Mama Vifungo akamjibu kwamba swali hilo amelisubiri miaka mitatu. Fomu ilisainiwa.

Binti yake alifurahi kusikia habari ya likizo mpaka alipoambiwa inakwenda kutumika wapi.

"Kaniambia, mama, watu wakipata likizo wanalala. Wewe unatoka hospitali hii unakwenda kukaa hospitali nyingine."

Ni msusi aliyemwomba. Mume atakuwepo, lakini ni mtu wa kuzungumza sana akiwa na hofu. Mama mkwe amesema atakuja, ila damu haiwezi. Msusi ana wiki thelathini na saba sasa na bado anasuka, amekaa kwenye kiti kirefu, wateja wakiwa chini kwenye kigoda. Alimpigia Mama Vifungo Jumapili akamuuliza, kwa hesabu zake, mtoto huyu ana uwezekano gani wa kutembea.

Swali la namna hiyo kwa kawaida humkuta na namba mdomoni. Safari hii alimwambia hana. Daktari wa upasuaji ana namba zake, lakini ni za watoto wengine, na huyu bado hajaonekana na mtu.

Anaogopa, na hafichi. Anaogopa upasuaji wa mama na ule wa mtoto. Anaogopa kumwona mtu akitoka kwenye mlango ule na sura ambayo yeye mwenyewe amewahi kuivaa mara nyingi mbele ya wengine. Anajua kwamba kule hatakuwa na kazi yoyote. Atakaa kwenye benchi kama wanavyokaa wanawake wake, mkoba mapajani, akisubiri kuitwa.

Lakini atakwenda. Wanawake wa wiki za katikati hupita mikononi mwake kisha huenda kujifungua kwingine, na hakuna anayerudi kumpa habari. Hawalaumu, maana mwenye mtoto mchanga hana muda wa kumtafuta muuguzi aliyempa karatasi.

"Miaka kumi na miwili nawaambia watu mmoja kati ya wangapi," anasema, huku akijishikilia meza ili asimame, maana nje wameshaanza kuitana. "Yule mtoto mmoja mwenyewe sijawahi kujua hata anaitwa nani. Jumanne nitauliza jina."